Aliniumbua kwenye maiki, sasa anataka pesa yangu ya korosho anunulie spika

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku huu, watoto wamelala, baba yao amelala, mimi nimejigeuza kitandani mpaka nimeona bora niamke. Tafadhali usinijibu kwamba nivumilie. Kuvumilia najua, nimefundwa, na walionifunda mpaka leo wapo hai na wanaheshimika. Ninachotaka ni ushauri wa spika, spika ya besi, maana ndiyo inayotugombanisha. Najua utasema si kazi yako, lakini nimuulize nani? Nikimuuliza fundi yeyote hapa Mtwara, kesho yake mume wangu kashaambiwa.

Kazi yetu unaielewa: muziki wa kukodisha. Harusi, sendoff, kitchen party, kutoa mwali. Minada ya korosho ikianza Oktoba, pesa ikiingia vijijini, ndiyo sisi tunahama nyumba. Leo Tandahimba, kesho Nanyamba, keshokutwa Mikindani. Likizo ya Desemba watoto wa unyago wanapotoka ndiyo usiseme. Tuna spika mbili za juu za inchi 12, zenye mashine ndani, yaani amplifaya yake humo humo, na mikseri. Besi hatuna. Tunakodi makasha mawili kwa mtu, na makasha ya kukodi unayajua, leo yanalia, kesho yanakoroma, na pesa yake unalipa ile ile.

Sasa ile harusi ya Mikindani. Uwanja wa wazi, bahari haiko mbali, upepo unapuliza. Kasha moja la besi kaliweka kushoto kwa jukwaa, jingine kulia, mbali na mbali, kwa sababu anasema ndiyo inapendeza kwenye picha. Mimi kazi yangu muziki ukianza ni kuzunguka uwanja na kusikiliza. Nimeifanya miaka yote, hakuna aliyenituma. Nikakuta katikati ya uwanja besi inapiga kifua, lakini kule pembeni walikokaa shangazi zake bibi harusi hakuna kitu kabisa. Ukipiga hatua mbili inarudi, ukipiga nyingine inapotea.

Hili lina sababu yake, Shangazi, sikulitunga mimi. Besi ya hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 6. Ukitenganisha makasha, kuna mahali sauti ya kasha moja inafika imechelewa kwa nusu ya wimbi, mita 3 hivi. Moja linasukuma hewa wakati jingine linavuta, zinauana. Dawa yake ni kuyasogeza makasha yote mawili pamoja, chini, yagusane. Yakikaa pamoja yanasaidiana, unapata desibeli 6, hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti, zaidi ya kasha moja peke yake, na uwanja mzima unasikia sawa.

Nikaenda nikapiga goti nyuma ya meza, nimeshika waya mkononi, nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa: "Baba, tuyaweke pamoja hayo makasha, pembeni kule hawasikii." Kwa heshima, Shangazi, nilimwambia kwa heshima. Akageuka, maiki anayo mkononi, na maiki iko hewani, akasema: "Jamani, mke wangu ananifundisha besi! Mama, rudi jikoni ukaangalie pilau, besi ni mambo ya wanaume."

Uwanja mzima ulicheka. Wazee, watoto, wapishi, wote. Mama mkwe wangu alikuwepo. Nilibaki nimepiga goti pale pale na waya wangu.

Maiki ilikuwa wazi, Shangazi. Angeniambia hayo nyumbani ningemjibu au ningenyamaza, yangeisha. Lakini maiki ilikuwa wazi.

Baadaye alipoitwa kwenda kula, kijana wetu wa mizigo mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Dada, tuyasogeze?" Tukayasogeza. Sikumwendea kinyume mume wangu, kazi ilikuwa ya watu na watu walikuwa wamelipa. Tulipoyaunganisha pamoja mbele ya meza, besi ikakaa. Wale shangazi wa pembeni wakanyanyuka na vitenge vyao. Alipotoka kula akasikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatangaza kwenye maiki ile ile: "Sasa mnaniona mzee wa kazi!" Hakuuliza nani kasogeza. Mpaka leo hajauliza.

Haya, sasa korosho. Mikorosho ni yangu, Shangazi. Kaniachia mama yangu, na mama aliachiwa na mama yake. Sisi Wamakonde unajua mali za namna hiyo zinakwenda upande gani. Napalilia mimi, napulizia mimi, naokota mimi na watoto wa dada yangu. Msimu huu mnada ulikuwa mzuri, pesa imeingia kwenye akaunti yangu kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika, jina langu. Mjomba wangu amekwishaniambia mapema: pesa ya shamba la ukoo isigeuke makelele ya mume, nunua bati. Nikamtetea mume wangu mbele ya mjomba. Nikasema mjomba, hii kazi ndiyo inayotulisha miezi ambayo korosho hakuna. Nilimtetea baada ya Mikindani, sikiliza hapo, baada ya Mikindani.

Mume wangu anataka nimpe hiyo pesa akanunue kasha la rafiki yake wa Masasi. Kasha moja lenye spika mbili za inchi 18, halina mashine ndani, amplifaya yake inauzwa kando. Limeandikwa kwa rangi nyeupe WATI 6000. Hizo wati ndizo zimemtia wazimu. Kulibeba wanahitajika wanaume wanne, na gari letu ni kirikuu ambayo tukipakia spika, meza na jenereta, kijana wa mizigo anakaa juu ya waya.

Mimi nataka ya mashine ndani, na sitaki kwa sababu nabishana naye. Nimesoma. Wati zinazoandikwa ubavuni mara nyingi ni za kilele, nguvu ya kufumba na kufumbua, wakati spika inafanya kazi usiku kucha kwa wati za kudumu ambazo ni chache zaidi. Na hata zingekuwa za kweli, ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lione muziki umekuwa mkubwa maradufu, unatakiwa uzidishe wati karibu mara kumi. Mfano: Electro-Voice ELX200-18SP, inchi 18, imeandikwa wati 1200, upeo wa sauti desibeli 132. Yamaha DXS15mkII ni ya inchi 15, wati 1020, na kampuni yake inaandika desibeli 135. Wati chache, sauti kubwa zaidi kwenye karatasi. Nilimwonyesha kwenye simu. Akasema, "Karatasi haichezi singeli."

Ya Yamaha ni kilo 36, mimi na kijana tunainyanyua bila kumwita mtu. Lakini hapo ndipo ninaposita mwenyewe. Inashuka mpaka kwenye hezi 40 hivi, na pale chini kabisa inakuwa imeshapungua nguvu. Kwa singeli haina shida, kile kishindo kinakaa juu ya hapo, na kinataka spika inayopiga na kunyamaza haraka. Lakini sisi tunapiga na taarabu, na ule uzi mnene wa gitaa la besi unalia hezi 41. Wamama wa Mikindani na Lindi mjini taarabu wanaijua, ukiwanyima ule uzi wa chini wanakaa. Kwa hiyo siku nyingine nasema inchi 18 moja. Siku nyingine nasema inchi 15 moja sasa, msimu ujao nanunua ndugu yake, naziweka pamoja. Ipo pia QSC KS118, inchi 18, wati 3600 za kilele, lakini ni kilo 47 hivi na bei yake ilinifanya nifunge simu.

Ananiambia ya mashine ndani ikiharibika imekufa yote, fundi wa kuigusa mpaka Dar. Hapo hajakosea, na namwambia hajakosea. Dar ni zaidi ya kilometa 500, spika inapanda basi, unabaki unaomba Mungu. Kwenye la Masasi amplifaya ikifa unaazima ya mtu kazi inaendelea. Lakini Shangazi, sisi koili, ule waya wa ndani ya spika, tumeshaunguza kwenye makasha ya watu, na nani aliyeunguza? Yeye, kwa kusukuma mikseri mpaka taa nyekundu haizimiki, kisa watu wanashangilia. Ya mashine ndani ina kinga, ukiisukuma kupita kiasi inajizuia yenyewe. Ina kitasa cha kugawa sauti, besi inabaki chini, spika za juu zinaachiwa kuanzia hezi 100 hivi kwenda juu, maiki inatoka safi. Ina kile kitufe cha kugeuza besi, pale ilipokuwa inavuta hewa isukume, kama besi na spika za juu zinapingana unakibonyeza, unasikiliza ipi imejaa. Na umeme unapopanda na kushuka, stabilaiza ninanunua, nimeshaiweka kwenye hesabu. Jenereta yetu ndogo itaibeba, maana muziki wa kawaida haumezi wati zote zilizoandikwa. Lile la Masasi na amplifaya yake kubwa sijui jenereta ipi italibeba, labda nayo ninunue mimi.

Nimemwambia yote haya. Anajibu nini? "Wewe umeanza lini kuwa fundi?" Nimeanza siku ile ulipokuwa unakula pilau la watu, nilitaka kumwambia. Sikumwambia.

Mimi sitaki aniombe msamaha. Nimeshapita huko. Au niseme ukweli, nikimwona anasafisha zile spika za juu kwa kitambaa taratibu, vumbi la Newala linatoka kwenye wavu, namwonea huruma na nasema hata asiponiomba basi. Halafu nakumbuka maiki ilikuwa wazi, na nataka aniombe msamaha kwenye maiki hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale, na mama yake awepo.

Si mtu mbaya. Naomba usimwandike vibaya. Hanipigi, halewi kazini, ada za watoto analipa tukipata. Kwenye maiki ana kipaji, watu wanamkodi kwa sababu ya mdomo wake, na mimi najua bila yeye spika zangu zitakuwa makabati tu. Na yeye ajue bila mimi atapiga kelele kushoto na kulia, pembeni watu wamekaa.

Wiki iliyopita akaja na la mwisho: kama simpi pesa ya Masasi, basi nisiende naye kazini tena, atatafuta kijana wa kushika waya. Akasema kwa upole, mezani, watoto wanasikia. Sikujibu, nikaondoa vyombo.

Tangu hapo nimewaza jambo ambalo sijamwambia mtu, hata dada yangu. Nimeongea kwa simu na duka moja la Dar. Ya inchi 18 ipo, ya inchi 15 ipo. Yule kijana wa dukani akaniuliza swali la kawaida tu, "Risiti niandike jina gani, mama?" Nikakata simu nikasema mtandao mbovu. Kwa sababu nikiandika langu, besi ni yangu, na akitaka kwenda nayo kazini anikodi kama anavyomkodi yule mtu wa makasha, alipe, na mimi niende nayo kwa sababu siachi mali yangu iende peke yake. Mwanamke gani anamkodishia mume wake spika, Shangazi? Mjomba atafurahi, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Nikiandika la mume wangu, au la wote wawili, siku tukigombana ile spika inabebwa na pesa ya mama yangu imekwenda nayo. Na nisiponunua kabisa, nikanunua bati, msimu huu tutakodi tena makasha yanayokoroma, na nitakaa nyumbani nasikia kwa mbali muziki wetu unavyolia vibaya.

Naomba unijibu ni inchi 15 au 18, maana wewe unawajua watu wanaojua, waulize. Na hilo la risiti, kama una nafasi. Kijana wa dukani amesema ananiwekea mpaka Ijumaa, na basi la mzigo linaondoka Dar alfajiri ya Jumamosi. Usiandike jina langu wala mtaa, andika Mtwara inatosha. Mume wangu huwa anakusoma.

Mama watoto, Mtwara