Nyongeza Uliipata, Kazi Ni Ileile

Nyegezi, Mwanza
Agosti

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Mvua hakuna, vumbi tele, na mama bado anauliza lini utakuja kula sato wake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na yale uliyoyanong'ona kwa sababu ulikuwa bado ofisini. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza na mimi ningekubali kukatizwa. Unaniuliza kama ni aibu kuondoka sasa, wakati Machi mwajiri wako alikuongeza laki nne kwa mwezi ili ubaki, ukakubali, ukawapigia wale wa Tanga waliokupa ofa ya kazi ukawaomba radhi. La aibu nitalifikia. Kwanza tuongee laki nne yenyewe.

Wewe ni mhasibu, lakini hesabu ya nyongeza yako mwenyewe sidhani kama umeipiga. Toa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 40,000 imeondoka. Inabaki 360,000, na kwa kuwa mshahara wako ulishavuka milioni moja zamani, yote hiyo inakatwa PAYE, kodi ya mshahara, ya asilimia 30, yaani 108,000. Bodi ya Mikopo nayo bado inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 60,000 nyingine. Kilichoongezeka mkononi ni 192,000. Si haba, wala simaanishi makato ni wizi. Mkopo ulitusomesha sote chuoni Mzumbe, na NSSF ni ya uzee wako. Ila kila ukijiuliza "wamenipa laki nne, nitaondokaje?", ujue kiasi halisi unachokiogopa ni hicho.

Halafu, hela haikuwa kilio chako. Kumbuka ulivyonieleza mwanzoni mwa mwaka. Ulizungumzia vocha za malipo zinazoletwa mezani bila risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, unaambiwa "ingiza tu, risiti zitakuja". Ulimzungumzia mpwa wa mkurugenzi, anayesaini malipo bila kusoma, kisha wewe ndiye unayekaa mbele ya wakaguzi kujieleza. Ulizungumzia simu za Jumapili. Mshahara uliutaja mwishoni, kwa kupitia tu. Lakini mkurugenzi alipokuita na kuuliza, "Tatizo nini, ni hela?", ukajibu ndiyo. Nakuelewa. Hela ndiyo sababu rahisi kuitaja mbele ya bosi, haimuudhi mtu. Nani atamwambia mzee wa watu usoni kwamba mpwa wake hajui kazi? Basi akalipa alichoombwa, na mengine yote yakabaki yalivyokuwa.

Na hilo la vocha ndilo linalonikosesha usingizi kwa niaba yako kuliko yote. Matumizi yasiyo na risiti halali TRA, mamlaka ya mapato, inayakataa, na siku watakapokuja kuuliza hawatamwita mpwa. Jina lililoko kwenye rejista ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni lako, lake halipo. CPA yako, cheti cha juu cha uhasibu, uliisomea usiku ukiwa na mtoto mgongoni. Hakuna laki nne inayoilipia hiyo.

Sasa nikuambie ninachokijua kutoka upande wangu wa meza. Unajua nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa waajiri tofauti, na barua za kuwabakisha watu nimeziandika mimi. Tazama tarehe. Notisi yako uliipeleka Machi, wakaguzi wako ofisini, mafaili yamejaa hadi chini ya meza. Kampuni inayofunga hesabu Desemba lazima ipeleke ritani, yaani taarifa yake ya mwisho ya kodi ya mapato, kabla Juni haijaisha. Katikati hapo kuna PAYE kila tarehe 7 na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kila tarehe 20. Ukiondoka wewe ndani ya siku 28, nani angelibeba hilo? Kwa mkurugenzi, laki nne kwa mwezi ilikuwa bei nafuu mno ukilinganisha na kutafuta mhasibu mwingine mwenye CPA, kumfundisha, na faini za kuchelewa juu yake. Sisemi alikudanganya. Nasema alikuwa na shida ya miezi michache, akainunulia suluhisho la miezi michache.

Na Julai, ritani ishapelekwa, ghafla akaletwa yule kijana akae pembeni yako "ajue kila kitu taratibu". Inawezekana kabisa ni msaidizi wa kweli. Uliomba msaidizi muda mrefu. Lakini nimewahi kukabidhiwa mambo mawili asubuhi moja: barua ya kumwongeza mtu mshahara, na agizo la kuanza kutafuta wa kumrithi, kimyakimya. Aliyeniagiza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshaona kwamba huyu anaweza kuondoka, na mwajiri akishaliona hilo hulipangia.

Zile asilimia zinazosambazwa mitandaoni, eti karibu wote wanaokubali kubaki huondoka ndani ya mwaka, mimi siziamini. Sijawahi kuona zinakotoka. Kuna dada mmoja wa kitengo cha ununuzi nilimwandikia barua ya kubaki, na hadi leo yuko palepale, ana furaha. Tofauti yake na wewe ni kwamba hakuomba hela. Aliomba abadilishiwe msimamizi, ikaandikwa kwenye barua, akabadilishiwa. Wewe uliahidiwa cheo cha mhasibu mkuu kwa mdomo, na huu ni Agosti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike mabadiliko ya masharti ya kazi na kukupa. Mshahara waliuandika haraka. Cheo hakijaandikwa mpaka leo, nawe umesita kuuliza kwa sababu unajiona mdaiwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye aibu. Huna deni. Nyongeza ile ilikuwa malipo ya kazi ya kuanzia Machi kuendelea, na kazi umeifanya, ukaguzi umeuvusha, ritani umeipeleka. Deni lingekuwepo kama ungesaini kuwa utakaa muda fulani au utarudisha kitu. Kwa hiyo leo ukifika nyumbani itoe ile barua uisome yote, hata maandishi madogo. Kama hakuna sharti la namna hiyo, mkurugenzi akikuambia "nilikubeba", mshukuru kwa heshima zote, lakini usiyageuze maneno yake kuwa mkataba.

Tanga nayo usiione pepo. Wamekupigia tena kwa sababu waliyempata hakudumu. Waulize kwa nini, na usiridhike na "hakutufaa". Mtafute na mwenyewe kama inawezekana. Mji ule si mkubwa na watu wa bandari wanajuana. Usikubali kitu kwa simu, subiri barua ya ajira yenye mshahara wa msingi, cheo, na jina la nafasi ya mtu utakayewajibika kwake. Na ujue kwamba mfanyakazi asiyetimiza miezi sita kwa mwajiri huyo hana ule ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki unaoufurahia sasa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nawe utakuwa na mkopo wa shule ya watoto juu. Weka akiba ya miezi mitatu kabla hujahama, hata kama ni kwa kuvunja kibubu.

Kuhusu shemeji, hapo sina la kukufundisha. Kilomita mia tatu na hamsini kati ya nyumbani kwako na Tanga si za kwenda na kurudi kila siku, na ndoa ya wikiendi ina gharama zake. Ninachokuomba tu ni kwamba hili mliamue wawili, siyo uamue wewe kisha umtafutie maneno ya kumlainisha. Ulisema Machi mwenyewe alipumua uliposema hutaenda. Muulize alipumua kwa sababu gani. Ninyi wawili hamjawahi kulizungumza, nakujua.

Sasa unataka nikuambie ningefanya nini ningekuwa wewe. Ningeenda kwa mkurugenzi wiki hii, bila kutaja Tanga hata kwa ishara, nimwombe mambo mawili kwa maandishi: kwamba vocha isiyo na risiti haiingii kwenye vitabu, na kwamba nawajibika kwake yeye, siyo kwa mpwa. Cheo ningekiacha kwanza. Akikubali na kuandika, ningebaki, na ningewapigia wa Tanga siku hiyohiyo wasinisubiri. Akianza tena habari za hela, nimepata jibu langu, naenda kuandika barua ya kuacha kazi.

Kitu kimoja usithubutu: kumpelekea ofa ya Tanga mara ya pili ili aongeze tena. Hata akiongeza, kila mtu ofisini atajua bei yako na namna ya kuipata, na wa Tanga nao hawatakuita mara ya tatu.

Ukiamua kuondoka, toa notisi ya siku 28, au zaidi kama mkataba wako unasema zaidi. Kiinua mgongo usikihesabu, kwa sababu unayeacha ni wewe, lakini siku za likizo ulizolimbikiza wakulipe, na usiondoke bila cheti cha utumishi. Mwachie yule kijana maelezo ya maandishi ya kila ritani, hana kosa lolote. Na kabla hujakabidhi, orodhesha vocha zote zisizo na risiti, mwaka huu na uliopita, mkurugenzi asaini kuwa ameziona. Nakala moja ya orodha yenye saini ibaki kwako.

Kuhusu nyumba Tanga, binamu yangu anakaa Chumbageni. Nimeshamwandikia anitajie kodi za vyumba viwili maeneo yale, akijibu nitakutumia. Ukishazungumza na mkurugenzi nipigie, lakini baada ya saa mbili usiku, mchana niko kwenye usaili wa watu.

Wako wa siku zote,
Yule wa Mzumbe