Nyumba za kuunganisha hazihitaji greda

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu nyumba za kuunganisha, zile zinazotengenezwa vipande vipande kiwandani zikaja kufungwa kiwanjani, ambazo siku hizi tunaziona huku pwani ya mashariki ya Unguja. Mimi ni fundi seremala wa Jambiani. Atakayedhani nalilia ugali wangu nimwondoe wasiwasi: nyumba hizo nazipenda. Zinasimama upesi, taka zake chache, na mwenyewe akihama anaweza kuifungua akaenda nayo.

Ninachogombana nacho ni greda.

Ardhi yetu ni maweni, jiwe la matumbawe lenye nyufa na mashimo, udongo haba. Juu yake kuna kichaka kifupi cha mikaaga na midaa, na hapa na pale mbuyu. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye nyufa hizo, na ndiyo hayo tunayoyateka visimani, yamekaa juu ya maji ya chumvi. Nyumba ya vipande ingeweza kusimama hapo juu ya nguzo, jiwe likabaki lilivyo na mbuyu ukatia kivuli barazani. Kwa nyumba nyepesi, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Lakini jirani na kwetu nimeona kiwanja kizima kikisawazishwa, kikamwagwa zege, kisha nyumba zikapangwa kama makreti ya soda. Mibuyu ilipokwisha kuondoka, ikaletwa minazi michanga ya kupambia! Mapaa nayo ni bati jeupe; ukiwa nje ya mwamba na ngalawa yako yanakumulika machoni.

Nije kwenye vipimo. Nasikia watu wakilalamika kwamba nyumba ya kontena, ndugu ya hizi za kuunganisha, inayotengenezwa kwa kontena la chuma la mizigo, ni nyembamba. Kontena la kawaida kwa ndani lina upana wa karibu mita 2.35. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe navyo ni vyembamba, mara nyingi havifiki mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Wazee walijenga kwa kipimo cha boriti; nyumba ikitaka kukua, inaongezwa safu nyingine ya vyumba nyuma. Hata makuti hushonwa chini, yakahesabiwa na kuuzwa, ndipo yapandishwe juu. Kwa hiyo vipande si vigeni kwetu. Kasoro ya kontena ni kimo. Dari yake iko mita 2.39 tu, na ukuta wake ni bati. Zile nyumba za mjini dari zake ziko juu, na kuta za mawe na chokaa unene wake kama nusu mita, joto linahangaika mchana kutwa kuzipenya. Bati halingoji hata saa nne ya asubuhi. Anayelaza wageni humo hana budi kuwasha kiyoyozi, na hayo maneno ya kutunza mazingira yanabaki kwenye bango la getini.

Wabunifu wetu waanze na upepo. Ukisimama pwani hii ukaitazama bahari, kaskazi inakuja kutoka kushoto na kusi kutoka kulia. Nyumba zikipishanishwa, kila moja itapata pepo zote mbili. Zikipangwa moja nyuma ya nyingine, ya mbele inazinyima za nyuma. Nguzo ziwe za mvinje, unaoota hapa hapa kisiwani, tuiache mikoko ya Chwaka ipumue. Paa liinuke, upenu ushuke. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya huku haina huruma.

Na kwa wanaotoa vibali vya ujenzi: kabla ya ramani ya nyumba, dai ramani ya kiwanja inayoonyesha kila mbuyu, kila pango na kisima, na wapi jiwe linainuka. Mbunifu asiyekuwa nayo arudishwe akaichore. Ni kazi ya fundi mwenye kamba na vijana wawili wa mtaani, na naamini gharama yake haifiki ya kukodi hilo greda kwa asubuhi moja.

Fundi seremala,
Jambiani, Unguja