Malalamiko juu ya maji ya bwawa lenu yanayoingia mashambani na kisimani kwetu

Lubumbashi, kando ya mto Kafubu

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni ya madini,

Sisi ni akina mama wa bustani pamoja na wakaaji wa avenue zilizo chini ya ukuta wenu. Tunaandika kwa sababu kila tukifika getini mlinzi anajibu kwamba wakubwa hawapo, nasi tumechoka kusalimiana na mlinzi.

Shida ni lile bwawa mnalotupia maji yaliyokwisha kusafisha shaba na kobalti. Mvua kubwa ikinyesha usiku, bwawa linafurika, au linafunguliwa. Ninyi ndio mnaojua. Kukicha, mfereji unaoshuka mashambani una povu na harufu inayokwaruza koo. Lengalenga (mchicha) inaanza kuungua pembeni mwa majani, kisha tuta zima linalala. Kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wateja wanauliza kwanza mboga imetoka wapi. Ukitaja Kafubu, wanapita.

Kisima nacho kimeharibika. Saruji ya mdomo wake imeshika rangi ya kijani-buluu, sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya chuma. Lakini ukiyateka, maji yenyewe ni meupe kabisa, na hapo ndipo penye hofu, maana mtoto mwenye kiu haoni sababu ya kuyaacha. Ofisa wenu wa mahusiano alitushauri tuyachemshe. Bwana Mkurugenzi, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu. Hakuondoi shaba wala kobalti. Maji yanapungua sufuriani, sumu inabaki palepale.

Mara ya mwisho mlimwaga chokaa mferejini, mkapiga picha, mkagawa sabuni na fulana zenye jina la kampuni. Chokaa inapunguza ukali wa asidi, hatukatai. Ila metali zinatua kwenye tope, na tope hilo ndilo tunalolima. (Fulana tunazivalia shambani, asanteni.)

Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inawataka wachimbaji watie saini cahier des charges, yaani hati ya ahadi zao, na jamii zinazoguswa, na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo yao. Fidia ya mlichoharibu ni deni jingine. Msituchanganyie hayo mawili.

Tunataka lori la maji safi kuanzia wiki hii, hadi mtakapochimba foraji (kisima kirefu cha mashine) upande wa juu wa bwawa, si chini yake. Maji na udongo vipimwe na maabara isiyo yenu, majibu tusomewe sote kwa Kifaransa na Kiswahili. Kingo za bwawa ziinuliwe. Mazao yaliyoungua yahesabiwe shambani tukiwepo, si ofisini.

Tunangoja jibu la maandishi. Nakala amepewa chefu wa kartié (mtaa) na ofisi ya mazingira ya mkoa.

Wakulima wa bustani na wakaaji wa kando ya Kafubu