Mfiwa ni nani anapokufa mtu mashuhuri?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kumlilia msanii au mchezaji ambaye mtu hakuwahi hata kumpa mkono ni unafiki, au kwa uchache ni upumbavu. Hoja yake naielewa, na sehemu yake nakubaliana nayo, kama nitakavyoeleza baadaye. Lakini ametoa hukumu kabla ya kuuliza swali, na swali lenyewe ni zito kuliko anavyodhani. Watu mashuhuri wanakufa kila wiki, na wengi wao hutajwa katika taarifa ya habari wakasahaulika kabla ya kusomwa hali ya hewa. Kwa nini basi wachache miongoni mwao huwatoa watu majumbani kwa maelfu, wakasimama barabarani kulia pamoja na wasiowajua?

Lugha yetu inatupa pa kuanzia. Kwa Kiswahili mtu akifa huwa amewafia watu fulani, nao wamefiwa. Kila msiba una wenyewe, na sisi wengine tunaujua wajibu wetu: tunakwenda kutoa pole, na wao wanaipokea. Anapokufa mtu mashuhuri mpangilio huo huvurugika. Mjane, watoto na wazazi wa marehemu wapo, lakini wako mbali, nyuma ya mageti na walinzi. Kwa hiyo watu hupeana pole wao kwa wao, kila mmoja akiwa mfiwa na mtoa pole kwa wakati mmoja. Nadhani hapo ndipo msomaji mwenzangu anapokwazika, kwa sababu anamwona mtu aliyejitwalia nafasi ya mfiwa pasipo undugu wowote. Mimi nasema undugu upo, ila tunautafuta mahali pasipo pake. Uko baina ya waombolezaji wenyewe, na marehemu ndiye aliyewaunganisha.

Nitoe mfano ambao kila nikiurudia unanifundisha kitu. Mwaka 1994, katika mwisho mmoja wa juma, walikufa madereva wawili kwenye uwanja mmoja wa mbio za magari za Formula One huko Imola, Italia. Jumamosi ya tarehe 30 Aprili alikufa Roland Ratzenberger wa Austria, mwenye umri wa miaka 33, wakati madereva wakiwania nafasi za kuanzia mbio. Kesho yake, tarehe 1 Mei, akafa Ayrton Senna wa Brazili, mwenye miaka 34. Kazi yao ilikuwa moja, umri wao ulikaribiana, na wote wawili waligonga ukuta kwa mwendo wa kutisha. Brazili ilitangaza siku 3 za maombolezo ya kitaifa, na watu kwa mamia ya maelfu wakajipanga kando ya barabara za São Paulo jeneza la Senna lilipopita. Ratzenberger alizikwa na jamaa na marafiki zake, na hadi leo hata wapenzi wa mbio hizo hulitaja jina lake wanapokuwa wanasimulia habari za mwenzake.

Jibu jepesi ni kwamba Senna alikuwa bingwa wa dunia mara 3, ilhali Ratzenberger ndiyo kwanza alikuwa anaingia katika mashindano ya ngazi hiyo. Ni kweli, lakini ubingwa peke yake hauelezi kitu. James Hunt, bingwa wa mwaka 1976, alikufa ghafla Juni 1993, mwaka mmoja tu kabla ya Imola, na hakuna taifa lililosimamisha shughuli zake. Cha kuangalia ni kile Senna alichokuwa katika maisha ya watu. Mbio nyingi za Ulaya zilifika kwenye televisheni za Brazili Jumapili asubuhi, wakati familia iko nyumbani. Nchi ilikuwa imetoka katika utawala wa kijeshi mwaka 1985, ikaangukia kwenye mfumuko wa bei ulioyeyusha mishahara kabla mwezi haujaisha; hata timu ya taifa ya soka, fahari ya wote, ilikuwa haijatwaa Kombe la Dunia tangu mwaka 1970. Katika hali hiyo alikuwepo kijana mmoja aliyekuwa akishinda mbele ya dunia nzima, kisha akaizungusha bendera ya nchi yake uwanjani akiwa bado ndani ya gari. Baba na binti, tajiri na mfagizi, walikuwa na jambo moja walilolitazama kwa wakati mmoja. Ajali ile iliwanyang'anya Jumapili zao za asubuhi, na hilo si jambo dogo hata kidogo kwa mtu ambaye siku nyingine zote za juma hazikuwa na la kufurahisha.

Ndiyo maana napinga dhana kwamba tunamlilia mgeni. Mwaka 1956 wanazuoni wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya uhusiano ambao watazamaji na wasikilizaji hujenga na watu wa redio na televisheni: uhusiano wa upande mmoja, ambamo mimi naijua sauti yako, kicheko chako na namna unavyovuta pumzi kabla ya kusema, na wewe hujui kama nimezaliwa. Hawakuuita wazimu, na mimi siuiti hivyo. Umm Kulthum wa Misri aliimba redioni usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi kwa miongo kadhaa, akasikilizwa kote katika nchi za Kiarabu. Alipofariki Februari 1975, umati wa Cairo uliwapokonya wabebaji jeneza lake ukalibeba wenyewe, kama ndugu wasiokubali maiti yao ibebwe na wengine. Franco Luambo Makiadi alipofariki Oktoba 1989, Zaire, yaani Kongo ya Kinshasa ya leo, iliomboleza kwa siku 4, na aliyekuwa ameoa, ameachwa na kuoa tena huku nyimbo za Franco zikipigwa hakuwa na haja ya kueleza kwa nini moyo wake umeingia simanzi.

Niruhusu, Mhariri, niseme jambo langu mwenyewe. Juni 2009, redio ilipotangaza kwamba Michael Jackson amefariki akiwa na miaka 50, niliizima nikakaa kwenye kiti kwa muda mrefu, na machozi yakanitoka kwa namna iliyonishangaza mwenyewe. Sikuwa mshabiki wake mkubwa. Aliyekuwa mshabiki ni kaka yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kuikaza kwa kalamu kaseti iliyolegea, na ambaye tulikuwa tumemzika miaka 2 kabla. Katika mazishi ya kaka sikulia. Nilikuwa na shughuli, nilikuwa mkubwa wa waliobaki, na watu walikuwa wananitazama mimi. Kilio kile kilinisubiri. Siku hiyo hiyo ya Juni alifariki pia mwigizaji Farrah Fawcett, na habari yake ilimezwa kabla ya jioni, wala sikumbuki kama niliisikia siku ile.

Baada ya hapo nilianza kuwatazama waombolezaji wa aina hii kwa jicho jingine. Diego Maradona alipofariki tarehe 25 Novemba 2020, jeneza lake liliwekwa katika ikulu ya Argentina, na watu wakafurika hadi wakagongana na polisi na shughuli ikakatishwa. Wengi wakauliza kwa hasira imekuwaje katikati ya janga la korona. Lakini ilikuwa nchi ambayo kwa miezi mingi watu wake walikuwa wamezuiwa kuwauguza na kuwazika wapendwa wao kama inavyostahili. Sishangai hata kidogo kwamba ulipofunguliwa mlango wa msiba mmoja, kila mtu aliingia na msiba wake. Wahenga walisema kifo cha wengi arusi, na sisi huutumia msemo huo kumliwaza aliyefikwa na balaa. Nauona pia kuwa maelezo sahihi ya kile kinachotokea mitaani, kwa sababu huzuni iliyokosa mahali inapata mahali, hapana anayeuliza unalia nini, na mtu anarudi nyumbani akiwa mwepesi kidogo kuliko alivyotoka.

Maradona ananipeleka kwenye jambo ambalo sitaki kulikwepa. Hakuwa mtu mwema kwa kila aliyemjua, na kadhalika wengine wengi waliozikwa kwa vilio. Anayemlilia marehemu wa namna hiyo hatoi cheti cha tabia njema. Anashukuru kwa alichopewa, kwa upande wa Argentina mabao mawili ya tarehe 22 Juni 1986 dhidi ya Uingereza, miaka 4 tu baada ya vita vya nchi hizo mbili juu ya visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland. Lakini kama yupo aliyeumizwa na marehemu, naye ana haki ya kukaa kimya au kusema, na umati wa waombolezaji hauna mamlaka ya kumzibia mdomo. Hapa maombolezo ya umma huwa na ukatili wake, na ni haki tuukiri.

Namna ya kifo nayo ina uzito. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza, alikufa kwa ajali huko Paris tarehe 31 Agosti 1997 akiwa na miaka 36. Mama Teresa alifariki tarehe 5 Septemba, siku 5 baadaye, akiwa na miaka 87. Mizani ya matendo ingeelemea kwa Mama Teresa, wala sidhani kama yupo atakayebisha. Serikali ya India ilimzika kwa heshima za kitaifa. Lakini maua yaliyofunika malango ya majumba ya kifalme jijini London yalikuwa ya Diana. Mama Teresa alikuwa amemaliza safari yake. Diana alikatiwa njiani, ana watoto wawili wasiotimiza hata miaka 16, na aliyekatiwa njiani huacha swali la nini kingefuata, swali ambalo kila mtu hulijibu kwa kuyatazama maisha yake mwenyewe. Nelson Mandela alipofariki Desemba 2013 akiwa na miaka 95, nje ya nyumba yake watu waliimba na kucheza. Upendo haukuwa mdogo. Ni kwamba hapakuwa na deni lililobaki kati yake na wao.

Kisa cha Diana kina funzo jingine ambalo wakosoaji wa maombolezo hawapendi kulitazama. Malkia Elizabeth alibaki Balmoral, kwenye kasri lake la Uskoti, na wajukuu wake, kama bibi yeyote angefanya, na mlingoti wa jumba la Buckingham ulikuwa mtupu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa desturi malkia asipokuwepo. Umma ukakasirika. Ulitaka kiongozi wake aonekane akiomboleza pamoja nao, na tarehe 5 Septemba ikabidi arudi London na kuhutubia taifa kwenye televisheni. Siku ya mazishi bendera ikapepea nusu mlingoti. Émile Durkheim, mwanazuoni wa Ufaransa, alikuwa amekwisha kueleza mapema katika karne ya 20 kwamba kuomboleza ni wajibu ambao jamii humtwika mtu, na kwamba asiyeutimiza huhesabiwa kuwa amevunja kitu. Watu wa London mwaka 1997 walilithibitisha hilo bila ya kumsoma.

Wapo wanaosema yote haya ni kazi ya vyombo vya habari. Mhariri, usinikasirikie nikisema kwamba nanyi mna sehemu yenu, maana magazeti yenye picha ya marehemu ukurasa wa mbele hununuliwa, na mnalijua hilo. Lakini mpiga ngoma hawezi kumlazimisha asiyetaka kucheza. Vifo vingi hutangazwa kwa vishindo vikubwa na watu wakaendelea na shughuli zao. Wala si ugonjwa wa intaneti: Rudolph Valentino, mwigizaji wa filamu zisizo na sauti, alipofariki New York Agosti 1926 akiwa na miaka 31, umati ulijazana hadi vioo vya jengo ulimowekwa mwili wake vikavunjika. Intaneti imeongeza kasi, na imeongeza wale wanaolia ili waonekane wakilia, ambao nawaachia msomaji mwenzangu awachape anavyotaka.

Sasa niseme ninapokubaliana naye. Ameuliza kwa nini machozi haya hayawapati maelfu wanaokufa vitani na baharini bila ya kutajwa majina. Swali hilo ni la haki, na maelezo yangu yote hayalifuti. Yanaonyesha tu kwamba huzuni hufuata njia zilizokwisha kupitwa, na wasio na njia ya kutufikia hufa kimya. Lakini sioni mtu aliyedhulumiwa kwa vile mwenzake alimlilia mwimbaji. Siku Senna alipokufa, ndani ya gari lake ilikutwa bendera ya Austria iliyokunjwa. Alikusudia kuipeperusha mwisho wa mbio kwa ajili ya Ratzenberger. Na wakati wakubwa wa mchezo huo walipokwenda São Paulo, Max Mosley, aliyekuwa rais wa shirikisho la kimataifa la mbio za magari, alikwenda Salzburg kumzika Mwaustria. Alipoulizwa miaka mingi baadaye, alieleza kwamba alikwenda kwa kuwa wote walikuwa wamekwenda kwa Senna, naye aliona ni muhimu awepo mtu wa kwenda kwa Ratzenberger.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa siku nyingi