Mhariri, mmemsahau James Printer

Mhariri, salaam.

Nimesoma makala yenu kuhusu mwanzo wa fasihi ya Marekani na kwanza niwape hongera, maana mada hii haiguswi mara nyingi kwenye magazeti yetu. Ila nimeimaliza nikiwa na kinyongo. Makala nzima ni Wapuritani tu, wale Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali wa dini, wamepanda meli Uingereza, wamefika, wamehubiri, wameandika mashairi na shajara, basi. Utadhani walishukia nchi isiyo na watu. Haya mambo nayafuatilia kwa karibu na siwezi kunyamaza, kwa sababu ukiwaondoa wenyeji na Waafrika kwenye habari ile, hata vitabu vya hao Waingereza wenyewe huvielewi.

Chukueni Biblia ya John Eliot mliyoigusia kwa mstari mmoja, kwamba aliitafsiri akaichapa. Sawa, yeye ndiye alisimamia, ikatoka 1663 pale Cambridge, Massachusetts, na ndiyo Biblia kamili ya kwanza kuchapwa bara zima la Amerika. Ila haikuwa ya Kiingereza, ilikuwa kwa lugha ya wenyeji wa pale, Wampanoag na majirani zao. Sasa mchungaji aliyezaliwa Uingereza hiyo lugha alifundishwa na nani? Mwalimu wake wa mwanzo ni kijana wa kisiwa cha Long Island aliyeitwa Cockenoe, alitekwa kwenye vita vya 1637 kati ya walowezi wa Kiingereza na kabila la Pequot akaishia kuwa mtumishi nyumbani kwa mlowezi. Baadaye John Sassamon na Job Nesuton, wote wenyeji, nao wakamsaidia Eliot. Na aliyekuwa anasimama mbele ya visanduku vya herufi za madini ya risasi, anaziokota moja moja, anazipanga kinyumenyume mstari kwa mstari, kurasa zaidi ya elfu, mmoja wao alikuwa kijana wa Kinipmuc, kabila jingine la wenyeji, aitwaye Wowaus. Waingereza wakamwita James Printer kwa sababu ya kazi yake.

Huyu James naomba nimuongelee vizuri maana maisha yake peke yake yangejaza gazeti zima. Kwao ni Hassanamesit, siku hizi panaitwa Grafton. 1659 alipelekwa kwa mchapaji Samuel Green kujifunza kazi. Amekaa pale miaka na miaka, halafu 1675 vita vikalipuka kati ya walowezi na wenyeji walioongozwa na Metacom, yule ambaye Waingereza walimwita King Philip. James pamoja na wenzake wakakamatwa, wakishtakiwa kwamba wameua watu katika mji wa walowezi wa Lancaster, wakapelekwa Boston, kesi ikasikilizwa akaonekana hana hatia, ila mtaani watu walikuwa wanataka wanyongwe tu. Wenyeji wengi waliokuwa wameshakuwa Wakristo wakasombwa kupelekwa kisiwa cha Deer Island kwenye bandari ya Boston, baridi ile ya kule, chakula hakuna, wakafa wengi sana. Yeye alikuwa amerudi kwao, na mwezi wa 11 wapiganaji wa Kinipmuc wakafika Hassanamesit wakaondoka na watu wa kijiji, yeye akiwemo.

Sasa Februari 1676 Lancaster ikavamiwa, na Mary Rowlandson, mke wa mchungaji, ambaye mmemsifia sana kwenye makala, akachukuliwa mateka. Akakaa wiki 11 anatembezwa porini, mtoto wake Sarah wa miaka sita akafa mikononi mwake kwa jeraha la risasi. Kitabu chake ndicho kilichoanzisha aina nzima ya simulizi za mateka kule Marekani. Lakini someni kilichomo ndani: Metacom anamwomba amshonee mtoto wake shati na anamlipa shilingi, mwenyeji mmoja anampa Biblia aliyotoka nayo vitani, anakaa chini ya Weetamoo ambaye ni mwanamke na ni kiongozi mwenye watu wake. Ukisoma hujui kama huyu mama anawachukia au ameanza kuwazoea, na nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa hajui. Barua za kujadili kikomboleo chake zilipoandikwa kutoka upande wa wenyeji, mmoja wa waandishi alikuwa James Printer. Akakombolewa kwa pauni 20. James akarudi baada ya msamaha kutangazwa, akaingia tena kwenye karakana ya Green, na 1682 kitabu cha Rowlandson kilipochapwa hapo hapo Cambridge, wanahistoria wengi wanaamini aliyepanga herufi zake ni yeye. Yaani mtu aliyeandika barua ya kumtoa utumwani ndiye anayepanga maneno yake kuhusu utumwa huo, na maneno yenyewe yanawaita watu wake washenzi. Mmeandika ukurasa mzima kuhusu kitabu hiki bila kumtaja!

Eliot naye alipokuwa anachapa upya ile Biblia, maana nakala nyingi ziliangamia vitani, aliandika kwamba wanaye mtu mmoja tu anayeweza kupanga kurasa na kusahihisha kwa uelewa, huyo mchapaji mwenyeji. Na kwenye kitabu cha Zaburi cha 1709 jina lake limechapwa kabisa ukurasa wa mbele, B. Green na J. Printer.

Kuhusu Waafrika mmekaa kimya kabisa. Phillis Wheatley aliletwa Boston 1761 kutoka Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka kama saba hivi, akauzwa, na 1773 kitabu chake cha mashairi kikatoka London kwa kuwa Boston hakikupata wa kukiunga mkono. Ndani yake kuna tamko la wanaume 18 wa Boston, gavana Thomas Hutchinson na John Hancock wakiwemo, wanathibitisha kwamba kweli kaandika yeye. Hebu fikirieni hiyo, mshairi gani mwingine alitakiwa kuletewa mashahidi? Mwaka uliofuata akamwandikia Samson Occom, mhubiri wa Kimohegan, kabila jingine la wenyeji, ambaye naye mahubiri yake yalikuwa yanachapwa na kusomwa, akisema Mungu ameweka kupenda uhuru ndani ya kila moyo wa binadamu, na barua ikatoka magazetini. Mwafrika na Mmohegan wanaandikiana kwa Kiingereza kuhusu uhuru, 1774, miaka miwili kabla ya tangazo la uhuru wa Marekani. Hiyo ni fasihi ya kikoloni ya Marekani kama ilivyokuwa.

Mmeahidi sehemu ya pili. Naomba muanze na hawa, na badala ya picha ya meli wekeni ule mchoro wa mwanzoni mwa kitabu cha Phillis, amekaa mezani na kalamu mkononi.

Msomaji wenu,
Morogoro