Barua kwa Mbaraka: boti ya faiba ya Mkokotoni

Swahibu yangu Mbaraka,

Assalaam alaykum. Barua yako kuhusu boti ya faiba unayotaka kuinunua huko Mkokotoni nimeipata. Futi 23, miaka kama ishirini, mashine Yamaha ya nguvu farasi 40, na juzijuzi imepakwa rangi. Hiyo rangi ndiyo iliyonishikisha kalamu upesi. Usitoe hata arubuni kabla hujaikagua.

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofungiwa ndani yake. Jahazi likiumwa husema: maji yanaingia, unatia kalafati. Boti ya faiba hunyamaza na kung'aa, kumbe plaiwudi ya ndani imelowa kama mkate uliotoswa chaini.

Kwa hiyo anzia tezini, kwenye ule ukuta unaobeba mashine. Mashine hiyo ni kilo 70 au zaidi, na kila wimbi linauvuta ukuta. Iinue mashine, shika mguu wake karibu na pangaboi, uutikise juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akikodolea macho pembe mbili, pale tezi inapokutana na mbavu. Ukuta ukicheza hata kidogo, au ufa ukifunguka na kujifunga, mbao zimekwisha. Tazama na chini ya boliti za mashine: michirizi ya kutu maana yake maji yanapenya kwenye matundu. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi, kila inchi mbili. Penye uzima palia ngo ngo, sauti kavu. Palipooza au tabaka zilipoachana palia bu bu.

Ukibaki na shaka, omba ruhusa utoboe kwa drili ya milimita 5, kwa upande wa ndani, chini karibu na sakafu, bila kupitiliza nje. Unga ukitoka mkavu na mweupe, salama. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka, basi tezi imeoza. Tundu lizibe kwa epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, papo hapo. Muuzaji akikataa, mimi ningehesabu tezi imeoza na bei ningeitaja kwa hesabu hiyo, maana matengenezo yake ni kukata ngozi ya ndani, kuchokoa plaiwudi yote, kubandika mbili mpya za milimita 18 na kuzifunika upya kwa matandiko ya faiba na rezini, ile gundi inayoigandisha faiba.

Sakafuni tembea kwa visigino. Panapobonyea, mihimili ya chini nayo ina mashaka. Boti nyingi zimejazwa povu chini ya sakafu ili zisizame. Povu hilo likishanywa maji halikauki, na boti inakuwa nzito daima. Kipimo rahisi: waulize vijana wanaoisukuma ufukweni. Kama zamani walitosha wanne na sasa wanaitwa wanane, umeshajua.

Tumbo lake likague siku za bamvua, maji yakipwa, ipandishwe juu ya magogo. Ukiona malengelenge, vaa miwani utoboe moja, kwani maji yake huruka kwa nguvu. Yakinuka kama siki, ni maji ya bahari yaliyopenya jelikoti, ile ngozi laini ya nje, na kuila rezini. Malengelenge machache hayanitishi. Tumbo zima likiwa na vipele, achana nayo. Kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti, buruta za mchangani na mawe ya pwani hula jelikoti hadi nyuzi zikaonekana, na nyuzi zilizo wazi hufyonza maji kama utambi.

Nyufa nazo si sawa zote. Zilizotawanyika kama nyota ni pigo la mahali pamoja, mara nyingi ni jelikoti tu. Zilizojipanga sambamba ni mbaya: ngozi inapinda kwa kukosa mhimili. Kwangua kwa kisu; ufa ukitoweka, hauna neno, ukiendelea ndani ya nyuzi una neno.

Asubuhi jua likiwa chini, chungulia ubavu kwa mshazari. Viraka vitajitokeza hata chini ya rangi mpya. Kiraka cha haki husagwa kwa mteremko wa 12 kwa 1: ngozi ya milimita 6 inataka mteremko wa milimita 72 kuzunguka tundu. Bodifila ya magari iliyopakwa juu tu hunywa maji kisha hubanduka.

Mashine iguse kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, wamekutangulia kuiwasha. Oili ya gia ikiwa kama maziwa, sili, mipira ya kuzuia maji, zimepitisha maji. Kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zake isitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Pima na kimo cha tezi: ya inchi 20 inataka mguu mrefu, ukifunga mfupi pangaboi litakamata hewa.

Jina kwenye karatasi za Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar liwe la huyohuyo anayekuuzia, na namba ifanane na ya ubavuni.

Ukitoboa tezi, ule unga uweke juu ya karatasi nyeupe, unipigie picha kabla haujakauka.

Wasalaam,
Salim, Tanga