Kwa waratibu wa ufadhili wa masomo: ile fomu ya saa

Wanangu waratibu, na ninyi wanafunzi mliochaguliwa kuwaongoza wenzenu katika huduma kwa jamii,

Nawasalimu. Nimesimamia mpango kama huu wenu kwa miaka mingi, na kosa nililolifanya mimi naliona linaanza kuota kwenu. Nikinyamaza nitakuwa nimewanyima haki yenu.

Kosa lenyewe ni kuiabudu ile fomu ya saa, ambayo mwanafunzi anayefadhiliwa huandika humo saa alizoihudumia jamii.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilimkuta kijana wa mwaka wa pili kwenye benchi nje ya ofisi yangu, Ijumaa alasiri, anajaza fomu ya mwezi mzima. Wiki nne, wino mmoja, mwandiko uleule juu hadi chini. Tarehe alikuwa akizihesabu kwa vidole. Sahihi ya msimamizi ilikuwa imeshawekwa kabla ya saa zenyewe kuandikwa. Nilikasirika, nikamwita ndani, nikamgombeza mbele ya mwenzake. Ni baadaye sana ndipo nilipouliza usiku anafanya nini. Alikuwa akipakua mizigo ghalani hadi usiku wa manane. Ufadhili wetu ulilipa ada ukaishia hapo. Vitabu, nauli na malazi alijitafutia mwenyewe. Yule kijana hakuwa mvivu. Sisi ndio tuliomfadhili nusu tukamdai huduma nzima, na aibu ya siku ile mpaka leo naibeba mimi, si yeye.

Kwa hiyo kabla hamjazungumza habari ya uongozi, zungumzeni habari ya fedha. Chuo cha Berea, jimbo la Kentucky nchini Marekani, hakijawatoza wanafunzi wake ada tangu mwaka 1892, na kila mmoja hufanya kazi chuoni walau saa 10 kwa wiki. Hapohapo ndipo ulipoanzia mpango wa Bonner mwaka 1990, ambao baadaye ulienea katika vyuo vingine vingi. Mpango huo huwatafuta hasa vijana wa familia zenye kipato kidogo, ukawapa ufadhili, nao wakaihudumia jamii kati ya saa 8 na 10 kwa wiki katika miaka yao ya chuo. Mimi nilichojifunza hapo ni kwamba fedha ya ufadhili inapaswa kushika nafasi ya kibarua. Ikija tu kama nyongeza huku kibarua kikibaki palepale, kijana anakuwa na mabwana wawili.

Pigeni hesabu. Saa 10 kwa wiki, kwa wiki 28 za masomo, ni saa 280. Mwenye mzazi wa kumtumia fedha atazipata bila jasho. Asiye naye atazikata kwenye usingizi, halafu kwenye masomo, mwisho kwenye ukweli wa fomu. Kama mfuko wenu hauwatoshi vijana 40, chukueni 20 muwatimizie. Najua bodi hupenda idadi kubwa kwenye ripoti. Waelezeni bila kuzunguka, na mkikataliwa rudini tena mwaka unaofuata.

Na kwenye usaili msiwapime vijana kwa vyeo vya klabu peke yake. Aliyelea wadogo zake wanne tangu akiwa na miaka kumi na mitatu huenda hajawahi kuwa katibu wa chochote.

Sasa nije kwa wale tunaosema tunawahudumia. Katika makao ya wazee tuliyoshirikiana nayo palikuwa na mama mmoja ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Binti yetu mmoja alikwenda kumsomea kila Jumanne. Wiki ya tisa ya mhula binti akatimiza saa zake, akaacha kwenda. Hakuvunja kanuni yoyote, kwa kuwa kanuni zetu zilihesabu saa tu. Jumanne iliyofuata nilikwenda pale kupeleka barua, nikamkuta mama ameketi karibu na mlango, kitabu mapajani, uzi mwekundu umewekwa kwenye ukurasa walioishia. Akaniuliza kama binti anaumwa.

Mwaka 1968 mwanafikra Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa na mipango ya kujitolea Mexico, akawaambia waende kutazama na kujifunza, ila wasiende kusaidia. Mimi sifiki huko. Nimeona watoto wakijua kusoma kwa sababu mwanafunzi wa chuo alirudi kwao kila wiki kwa miaka mitatu. Lakini onyo lake nalichukua: anayekwenda kwa ajili ya fomu yake humwacha mwenyeji na kazi ya ziada, maana huyo mgeni lazima apokelewe, aelekezwe, na hatimaye asahauliwe.

Mpeni kila kijana mahali pamoja, abaki hapo hadi amalize chuo. Mwaka wa kwanza afuate maelekezo, afagie, apange viti, ajue majina ya watu. Mwaka wa pili na wa tatu apewe jambo ambalo likiharibika litaonekana, na muwe karibu. Wa mwisho ndiye amfundishe mgeni mpya na kumkabidhi funguo. Semina za uongozi si mbaya, nimeziandaa nyingi, ila sijaona iliyomfunza kijana kama siku aliyochelewa na funguo akawakuta watoto thelathini wanamsubiri nje.

Fomu msiitupe, wafadhili wataidai na wana haki. Ongezeni mstari mmoja tu chini ya saa, uandikwe na mwenyeji kwa mkono wake: huyu tunamhitaji kwa lipi mwezi ujao?

Fomu za mhula huu mnazikusanya Ijumaa. Alhamisi shikeni simu, mmpigie kila mwenyeji, mumuulize ni nani amekuja na ni nani bado wanamsubiri. Na mkikutana na fomu yenye wino mmoja wiki zote nne, mwiteni mwenyewe peke yake, mumpe kiti, na swali la kwanza liwe usiku anafanya kazi wapi.

Ni mimi mzee wenu,
mratibu mstaafu